Jino la Muhiddin na Dawa za Kila Mtu

Muhiddin bin Abdulla, muuza kanga wa mtaa wa Msimbazi, alikuwa jasiri kwa kila kitu isipokuwa maumivu. Jino la nyuma lilipomshika, hata kubishana bei kulimshinda, na wateja wakafurahi sana.

Asubuhi alimeza aspirini alizonunua duka moja la mtaa wa Mchafukoge. Maumivu hayakuondoka upesi kama alivyotaka, akaongeza nyingine. Adhuhuri shemeji yake Zena akamletea unga wa kutuliza kichwa, akaukoroga, akanywa. Alasiri jirani akampa vidonge vya kopo jingine, na Muhiddin, asiyependa kumvunja mtu moyo, akavimeza pia. Chakula hakugusa.

Jua likielekea kuzama akamwambia mkewe, Hind, "Mfukuze huyo muuza kahawa. Anatugongea vikombe masikioni."

Hind akachungulia nje. "Hakuna mtu."

"Basi ni kengele ya kanisa."

"Leo Jumanne, mume wangu. Hiyo kengele iko kichwani mwako."

Tumbo nalo likaanza kumchoma. Hind akazifunga dawa zote katika kitambaa, akamshika mkono kwenda dispensari. Njia nzima Muhiddin alinung'unika kwamba watu wa Mnazi Mmoja wanamwona akiongozwa kama mbuzi.

Isidori, mganga wa zamu, akazitazama zile dawa moja moja.

"Umekunywa dawa gani, Bwana Muhiddin?"

"Tatu mbalimbali."

"Umekunywa moja mara tatu. Majina ndiyo mbalimbali. Ndani zote ni aspirini. Ndiyo maana masikio yanalia."

Muhiddin akahesabu kwa vidole vidonge alivyomeza tangu asubuhi. Akalazwa na kuangaliwa mpaka kesho yake, masikio yalipotulia.

"Dawa ya maumivu ni moja kwa wakati," Isidori alimwagiza. "Mtu mzima vidonge viwili, tumboni mkiwa na chakula, kisha saa nne zipite kabla ya vingine. Siku nzima visizidi vinane. Na jino bovu halitibiwi kwa vidonge, linang'olewa."

Likang'olewa wiki ileile, naye akalia bila kujificha.

Siku hizi mteja akilalamika kichwa tu, Muhiddin huacha kanga mezani na kumhoji amekula nini, amemeza nini, na lini. Hind humsikiliza kutoka uani.

"Mama," humwambia mteja, "mjibu tu, ndipo atakuuzia kanga."