Ulimi wa Ng'ombe Dirishani

Udongo uliolowa mpaka ukakosa hewa una harufu yake. Siyo ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo kila mtu huipenda. Hii ni nzito na chachu, kama maji ya maharage yaliyosahaulika kwenye sufuria siku mbili. Mwezi uliopita niliinusa nikiwa kwenye benchi la ofisi moja hapa mjini Songea, bahasha ya vyeti mapajani, nikingoja kuitwa. Nilikuwa nimekwisha kujiuliza kama viatu vyangu vinapiga kelele, kama nilipaswa kubisha hodi mara mbili au tatu, na kama katibu muhtasi alinichukia kwa kuwa nilimsalimu nikiwa nimesimama karibu naye mno. Ndipo harufu ikanifikia. Nikageuka. Dirishani, ndani ya kopo la rangi, lilikuwapo ua ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka mingi: majani marefu yaliyokunjamana, yenye vinyweleo, na katikati kijiti chembamba kilichobeba maua mawili ya zambarau yenye mistari kooni. Katibu alikuwa analimwagia maji aliyosuuzia vikombe.

"Dada, usiliongezee maji," nilisema kwa sauti ambayo sikuikusudia. "Halina kiu."

Akanitazama. "Kwani huoni limelegea?"

Nilitaka kumweleza, lakini ingebidi nianzie mbali, na papo hapo wakaniita ndani. Kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Majengo, na ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai. Watu wazima walisema sasa kila kitu kipo, kisha wakapapasa mifuko mitupu. Baba alikuwa mpima mizani wa ushirika. Alipima magunia ya mahindi na kuutamka uzito kwa sauti ili mkulima asikie, na fahari yake ilikuwa kwamba hakuwahi kumpunja mtu wala kumpendelea. Hata nyumbani alipenda kusema, "Kilo ni kilo," mahali ambapo hakukuwa na chochote cha kupima. Kisha ushirika ukapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Alirudi mchana, akaketi kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha la sebuleni, na kwangu mimi ilikuwa kama vile hakuinuka tena.

Dirishani hapo ndipo lilipokaa ua la mama. Alipokuwa msichana alijifunza kushona misheni, upande wa Maposeni, na sista mmoja mzee akampa jani moja tu, limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Sista alilitaja jina lake kwa lugha ya kwao, jina refu kama litania, mama akaitikia tu. Nyumbani tuliliita ulimi wa ng'ombe, maana jani lake lilikuwa hivyo hasa, na ukilipapasa lilikuwa na ule mkwaruzo laini wa ndama anayekulamba kiganja.

Jirani yetu Mama Hamisi, mwenyeji wa Nakapanya, upande wa Tunduru, hakuacha kututania. "Mama Yusta, huu ulimi mnaukaanga lini?"

"Ukinenepa. Nitakukatia kipande."

"Kiwe na ndimu. Na unihakikishie kimechinjwa!"

Mama alilijua lile ua kama anavyomjua mtoto wake. Lilipandwa kwenye bakuli la bati lililotoboka, kwa sababu, alisema, mizizi yake haipendi kwenda chini sana. Lilipata jua la asubuhi tu. Ua likidondoka liliacha ganda jembamba lililojisokota kama uzi uliozidishiwa kusokotwa, na likikauka lilijifyatua na kumwaga mbegu laini kama ugoro. Siku moja nilimwona akichukua jani, akalilaza kwenye ubao wa kukatia mboga, akalipasua kwa wembe kutoka shinani hadi nchani, akautoa mshipa mkubwa wa katikati, kisha akazisimika zile nusu mbili kwa ubavu ndani ya mchanga wa mtoni. Baada ya majuma mengi vikachomoza vimea vidogo kwenye mkato, kila kimoja na vijani viwili, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Nilimuuliza mbona hao ndugu hawalingani.

"Mmoja mlafi," alisema.

Mara moja moja ua lililegea, majani yakaning'inia ukingoni mwa bakuli kama nguo mbichi. Hapo mama alichomeka kidole kwenye udongo, akakitazama, halafu akamimina maji kidogo pembeni bila kugusa majani. Jioni lilikuwa limesimama. Kwangu huo ulikuwa muujiza kamili. Kilichonikaa akilini ni kikombe cha maji. Kidole sikukitilia maanani.

Kwa kuwa baba alikuwa kitini, mama akaanza biashara. Alichukua dagaa wa Nyasa na maharage kupeleka Tunduru, akae kwa ndugu wa Mama Hamisi kule Nakapanya, arudi na mchele na korosho. Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani, na mama alikuwa anafunga kanga kiunoni huku akitembea.

"Yusta, ua nakuachia wewe. Likilegea, lipe maji kidogo. Na baba yako usimsumbue. Siku nane tu, nimerudi."

Siku ya nane ikapita, na ya kumi. Mvua ilinyesha kana kwamba kuna mtu aliyesahau kuifunga. Kila alasiri baba alivaa koti lake la kazini, akaenda yanakosimama malori, akarudi na matope hadi magotini.

"Wanasemaje, baba?"

"Wanasema barabara imekatika."

"Imekatika wapi?"

"Huko."

Akaketi. Mama Hamisi alipita na bakuli la mchuzi, akatuambia Inshallah atarudi, Nakapanya hafi mtu njaa, korosho ziko tele. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe Baba Yusta, inuka kwenye hicho kiti. Utaota mizizi!" Baba alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kwa kumtazama niliamini kwamba hana hofu yoyote. Niliamini hofu yote ya nyumba ile nimeachiwa mimi.

Siku ya kumi na moja ua likalegea.

Sijui kama ninyi mlikuwa watoto wa namna hii. Mimi nilikuwa mtoto wa kupatana na vitu. Nikifika mlangoni kabla mbwa hajabweka, mwalimu hataniuliza hesabu. Basi nikapatana na ua: likisimama, mama yuko salama, na likianguka, sikumaliza kufikiri. Nikalipa kikombe cha maji baada ya shule. Halikusimama. Kesho yake nikalipa tena, na kesho yake tena. Kadiri lilivyolegea ndivyo nilivyolinywesha, taratibu, pembeni, kama mama alivyofanya, nikisema Salamu Maria kwa kila mmimino. Yapo mambo niliyoyaona na sikuyaelewa. Siku nyingine nilirudi shule nikakuta kisahani cha chini kimejaa maji, nikadhani bati linavuja. Nikayategemeza majani kwa njiti za kiberiti, nne. Asubuhi moja nikahesabu tano. Nikajiambia kwamba nimekosea kuhesabu, na hilo nalo likanitia wasiwasi, kwa sababu mtoto asiyejua nne na tano angewezaje kumlinda mama yake kwenye mto uliofurika?

Shina likawa la kahawia. Jani la kwanza lilinibakia mkononi, limelainika kama ndizi iliyopitiliza. Nililificha chini ya godoro. Usiku uliofuata nilililalia, na harufu ile ile niliyowaeleza ikapanda polepole kwenye mto.

Mama alirudi siku ya ishirini na nne. Miguu ilikuwa imevimba na kanga ilikuwa na rangi moja tu, ya udongo. Baba aliinuka, akampokea mzigo.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

Hayo tu. Nilimkumbatia mama kiunoni nikawa sitaki kuachia, kisha nikahisi amegeuza kichwa. Alikuwa anatazama dirishani. Akaenda, akachomeka kidole, akakinusa.

"Nani alikuwa analinywesha?"

"Mimi," nilisema haraka, kabla hajamaliza.

"Kila siku?"

"Kila siku. Lilikuwa limelegea, mama. Ulisema likilegea."

Akaketi sakafuni na matope yake. "Mwanangu, halikuwa na kiu. Lilikuwa linazama. Likikosa maji linalegea, likizidiwa maji linalegea vile vile, maana mizizi ikioza haiwezi tena kunywa. Kwa macho hutofautishi. Ndiyo maana unauliza udongo kwanza." Akatafuta jani moja gumu la kukata na kusimika mchangani. Hakulipata. Akalimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Badala yake aligeuza jambo lile kuwa mzaha wa upendo, ukakua pamoja nami. Nilipokesha nikirudia somo nililolijua tayari: "Yusta, acha kumwagilia." Nilipofungua barua ya kuomba chuo mara tano kusahihisha nukta: "Acha kumwagilia." Nilipohitimu na kuanza kuwaza kwamba hakuna ofisi itakayonitaka, aliniambia hivyo hivyo, sote tukacheka. Baba tu hakucheka. Kila mzaha huo ulipotajwa alikumbuka kuku, akatoka nje kuwatazama. Nilidhani hapendi utani.

Sasa turudi kwenye ile ofisi. Waliniambia watanijulisha. Nikitoka, nilimwomba katibu jani moja, akanipa upesi, nadhani ili niondoke. Nililibeba ndani ya bahasha ya vyeti. Nyumbani mama hakuwapo, alikuwa amekwenda Nakapanya, kwani biashara ile hakuiacha na barabara ni ile ile. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nikachukua wembe na ubao, nikalipasua jani kama nilivyoona zamani, nikazisimika nusu mbili mchangani. Alinitazama muda wote.

"Yusta."

"Abee, baba."

"Lile la kwanza. Lile la mama yako."

"Nililoliua," nikacheka, kama tulivyozoea kusema.

"Asubuhi ulipokwenda shule," alisema, akiitazama mikono yake, "na mimi nililipa maji. Kikombe kizima. Nikisikia mtu anapita nje, nakunywa yaliyobaki, aone nakunywa."

Nikauliza jambo la kijinga kuliko yote. "Na njiti ya tano?"

"Yangu. Lile jani la upande wa ukuta hukuliona."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Mama yako aliuliza nani, ukajibu upesi mno. Nikangoja zamu yangu ya kusema." Akatikisa kichwa. "Haikuja."

Mtu aliyepima magunia ya watu maisha yake yote kwa haki alikuwa amemwachia mtoto wa miaka tisa mzigo wote, na kila mzaha wa mama ulikuwa unamrudisha kwenye mizani hiyo. Tangu siku hiyo nimejaribu kufikiri kwamba pengine kikombe kimoja kwa siku ua lingekivumilia, kwamba ni viwili vilivyolizamisha. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilimwona mtu ameketi, nikadhani hana hofu, kumbe alikuwa amelegea, na mimi nilikuwa sijafundishwa kuuliza udongo. Tulikuwa watu wawili katika nyumba moja, mvua ikinyesha, na katika yote yaliyokuwa yakitutisha kitu kimoja tu kilikuwa kinafikiwa na mikono yetu. Kila mmoja akakinywesha kwa siri ili mwenzake asijue anavyoogopa. Tungeambiana, barabara isingefunguka mapema zaidi. Lakini pengine ua lingekuwapo mama alipofika.

Jana mvua ilianza tena. Mama amekwenda tena Nakapanya na bado hajarudi, na simu yake haipatikani, jambo la kawaida huko njiani, nimejiambia mara nyingi. Barua ya ofisi haijaja. Jioni nilimkuta baba dirishani, na mojawapo ya zile nusu mbili za jani ilikuwa imeinama. Kikombe cha maji kilikuwa karibu naye. Akanitazama kama mtu aliyefumaniwa.

Nikachomeka kidole mchangani. Kilitoka kibichi.

"Bado," nikasema.

"Bado," akaitikia.

Nikavuta kigoda, nikaketi kando yake. Mvua ilizidi juu ya bati. Baba akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, nami nikaikalia yangu.