Redio Iliyosifia Ukimya

Ipo siku moja ambayo bado naisikia masikioni, mwanangu, na imenirudia vizuri zaidi tangu uliponiambia kwamba shule yenu ya Butiama imeletewa vishikwambi, na wewe ndiye umepewa kazi ya kupanga vitumikeje darasani. Mimi shule niliiachia darasa la tano, wazazi walipofariki nikabaki na wadogo zangu watatu, wa katikati akiwa baba yako, Magesa. Kishikwambi sijui hata kinawashiwa wapi. Redio, hiyo naijua.

Tulikaa kijijini kwetu ziwani, upande ule ambao ukipanda juu ya miamba unakiona kisiwa cha Rukuba. Miaka ile madukani hamkuwa na kitu. Sabuni tuliitafuta kama dawa. Betri, ambazo tuliziita mawe ya redio, zikichoka tulizianika mwambani pamoja na dagaa, zipate joto, zituongezee siku mbili tatu. Wadogo zangu walifukuza kunguru, wakageuza dagaa, wakageuza na mawe. Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Redio aliiacha baba. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda, aliyekuja kuchukua dagaa, aliitaka kwa gunia la mahindi. Sisi tulikuwa tunakula ugali wa muhogo mara moja kwa siku, na gunia lilikuwa pale kwenye baiskeli yake, naliona. Nikamwambia nitamjibu akirudi safari nyingine. Shuleni walikuwa wametangaza kwamba darasa la saba wana vipindi vya hesabu redioni, ila shule haina redio. Magesa alikuwa darasa la saba, na hesabu zilikuwa zinamshinda. Nikaibeba redio nikaipeleka.

Siku nilipopeleka mawe mengine niliyoyaanika, nilisimama dirishani kusikiliza. Redio ilikuwa mezani, imetandikiwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Mwalimu wa darasa, kijana mpole tu, alikuwa ameiwasha akaenda zake shambani kupalilia. Sauti ikauliza swali, ikanyamaza kidogo kungoja majibu. Watoto kimya. Kwetu mtoto hamjibu mtu mzima mpaka aitwe, na yule wa redioni hakumjua hata mmoja wao kwa jina. Kisha sauti ikasema, "Vizuri sana, watoto." Darasa zima likaangua kicheko.

"Anasemaga hivyo kila siku," Magesa aliniambia alipotoka. "Dada, huyu mtu anasifiaga watu waliokaa kimya."

"Na wewe umejifunza nini?"

"Kukaa kimya."

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, mzee Masatu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuchukua redio yangu."

"Marahaba, binti. Imeharibika?"

"Haijaharibika. Inaongea peke yake. Bora wadogo zangu wale mahindi."

Mzee alituma mtu amwite yule kijana, akaja na jembe lake begani.

"Mwalimu," mzee akamwambia taratibu, "mgeni akija kwako, unamwachia watoto unaondoka?"

"Lakini mzee, kipindi kinafundisha chenyewe."

"Kinasema chenyewe. Kufundisha ni kazi yako." Halafu akanigeukia. "Na wewe, binti, usidhani ukishaleta redio umemaliza. Niachie wiki moja, kisha njoo ukae nyuma usikilize."

Nilikwenda. Redio ilikuwa imetolewa mezani, ipo katikati, na watoto wameizunguka katika makundi madogo, kila kundi na vijiti vyake vya kuhesabia. Mwalimu alikuwa ameshawaeleza watakachosikia. Sauti ilipouliza, yeye alilirudia swali, mara nyingine kwa Kijita chetu cha nyumbani, watoto wakashauriana, kisha akaita jina.

"Magesa."

Baba yako akasimama, akaanza kupanga hesabu kwa sauti, polepole. Kabla hajafika mwisho, redio ikasema, "Vizuri sana, watoto." Magesa akaigeukia.

"Subiri. Bado sijamaliza."

Walicheka wote, na mwalimu akacheka. Akainama, akaizima redio, akamngoja. Magesa akamaliza, na jibu lilikuwa sahihi.

Yule wa mahindi aliporudi nilimwambia redio ina kazi shuleni. Tukala muhogo mpaka mavuno mengine, na Magesa akachaguliwa kwenda sekondari Musoma. Baadaye biashara ikafunguliwa, hata Nyamuswa redio zikajaa madukani na mawe mapya yakauzwa kila kibanda. Nikaona nyumba ambazo redio inaongea tangu asubuhi na hakuna anayesikiliza. Ndipo nilipozidi kumwelewa mzee yule.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kuwasha hivyo vishikwambi, jiulize mtoto atamjibu nani, na nani atajua kama amekosea. Usivikabidhi darasa ukaondoka. Waite watoto kwa majina, wakae pamoja, wasaidiane, na wasipoelewa waeleze kwa lugha ya nyumbani kwao. Panga somo ambalo hata umeme ukikatika, utaliendeleza. Na usiogope kukizima chombo ili umsikilize mtoto.

Mungu akulindie macho na sauti yako. Akupe subira aliyokuwa nayo yule mwalimu alipoinama kuzima redio, na katika darasa lako asikose kamwe mtoto wa kusema bado hajamaliza.