Njia Ambayo Ukoo Ulishindwa Kuitaja

Daktari wa Kibaha alinieleza vifaa viwili vya kutoa jiwe lililo kwenye figo yangu, kwa upole wa muuza vitenge. Cha kwanza ni mpira mwembamba unaopinda, wenye kamera kwenye ncha. Unapitishwa njia ya haja ndogo mpaka ndani ya figo, kisha leza inalisaga jiwe likawa vumbi. Hakuna kidonda, ila huenda mtu akarudi tena kwa ajili ya mabaki. Cha pili ni bomba nene kidogo, linaloingia kwenye tundu wanalotoboa mgongoni. Mashine yake inavunja jiwe na kunyonya vipande papo hapo.

"Lakini wewe mzee wangu unatumia dawa za moyo, za kuzuia damu kuganda," alisema. "Nikikutoboa mgongo, damu inaweza kukataa kusimama. Nenda kazungumze na familia."

Familia! Mimi ni Mzaramo wa Vihingo, Kisarawe, ninayeishi Picha ya Ndege, hapa Kibaha, na kwetu mtu mzima hafanyiwi upasuaji mpaka ukoo ukae. Jirani yangu, Msukuma mfugaji wa Pangani ya huku huku Kibaha, alikuwa ameketi nami kwa daktari kwa kuwa ndiye aliyenileta kwa pikipiki. Yule ni mtani wangu, na utani wetu hauna likizo. Aliposikia habari za mpira alinitazama kiunoni, akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo.

Jumapili tukaenda wote Kisarawe. Sebuleni walikaa baba mkubwa, mama, shangazi, mke wangu na, balaa gani hili, mama mkwe. Yeye na mimi tumeheshimiana tangu nioe: nikimwona njiani napisha, na salamu zake hunifikia kupitia kwa mke wangu. Sasa nitasemaje mbele yake daktari anataka kupita wapi?

Kifaa cha mgongoni nilikieleza vizuri sana, hata mikono nikaichezesha. Nilipofika kwenye mpira nikakohoa.

"Kuna na njia nyingine," nikasema. "Ya... ya mbele."

Baba mkubwa akatazama dari. Shangazi akakumbuka kwamba ana maharage jikoni, lakini hakwenda. Mama mkwe akavuta khanga mpaka puani.

"Basi iwe ya mgongoni," baba mkubwa akakata shauri haraka. "Mgongo una heshima."

"Na damu?" mke wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Damu tutamwachia Mungu."

Mikono ikainuliwa kwa dua. Mama akaanza kulia. Niliogopa kufa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na bado haya ilinishika ulimi. Nilikuwa tayari kwenda kaburini na adabu zangu zote.

Ndipo mtani akasimama.

"Shikamooni wazee. Mimi Msukuma, adabu hamnidai. Ninyi mkimcheza mwali mnaimba kila kiungo kwa jina lake, mpaka ng'ombe wangu kule Pangani wanaona aibu. Leo mtu wenu anataka kufa kwa sababu hakuna wa kutaja mahali anapokojolea? Daktari kasema akitobolewa mgongo damu inaweza isisimame. Huko mbele hakuna kisu. Na msihangaike kumsitiri, nimeshaoga naye mtoni, hakuna kikubwa cha kuficha."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mkubwa alitaka kukasirika, lakini mtani hakasirikiwi, kwa hiyo akabaki anapangusa miwani.

Kisha sauti ikatoka ndani ya khanga. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe alinisemesha mwenyewe, ingawa alikuwa ameugeukia ukuta.

"Baba, mwambie daktari apite huko huko. Sitaki mwanangu awe mjane."

Nikalia mbele yao wote. Mtani akatoka nje kuangalia pikipiki yake.