Sauti Katika Nyumba ya Kasisi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane tuliishi upande wa Saint Paul, Minnesota, katika nyumba ya mawe iliyojengwa ikiwa tayari imezeeka. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno, ndivyo ilivyokuwa. Kasisi wa kwanza wa kanisa lile alikuwa Mwingereza aliyezaliwa katika nyumba ya kasisi kijijini kwao, maana baba yake naye alikuwa kasisi, na alipoambiwa achague ramani ya nyumba yake hapa akachora ile ile ya utotoni. Sasa nyumba ya kwao ilikuwa imeongezwa vipande kwa miaka mia kadhaa, kila kasisi akibandika chake, katikati mawe, upande mmoja matofali, nyuma mbao nyeusi na lipu nyeupe kati yake, na kwa kuwa vipande havikujengwa wakati mmoja, sakafu hazikulingana. Basi akawaamuru mafundi wa hapa, watu waliojua kujenga sakafu iliyonyooka, wajenge nyumba nzima kwa mara moja lakini sakafu zipishane vile vile.

Haya nilielezwa baadaye na mama mmoja mzee wa kanisani aliyetunza karatasi za zamani. Wakati ule nilijua tu kwamba ukitoka kwenye korido kuingia chumba cha kusomea kulikuwa na ngazi ya kushuka, moja tu, mlangoni penyewe, isiyo na kazi yoyote.

Baba alikuwa mtunzaji wa majengo ya kanisa, ndiyo maana tukapewa nyumba. Makasisi wenyewe walishahamia nyumba mpya zenye joto. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Golden Valley, akiondoka kabla sijaamka. Nyanya, mama yake baba, aliletwa kutoka Taita ili nisikae peke yangu. Siku ya kwanza alipoiona ile ngazi alisimama akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Hii imewekwa ya nini?"

"Tumeikuta tu, mama."

"Hakuna kitu kinachowekwa bure. Hii inamngoja mtu."

Baba akacheka. "Inamngoja nani? Sote hapa tuna miguu miwili mizima."

"Ndiyo hiyo inayoitaka," nyanya akasema, akashuka kwa kushika ukuta.

Alikuwa na makatazo mengi, na mengi nimeyasahau, ila moja alinirudia kila aliponisuka nywele: ukisikia unaitwa jina lako na humwoni anayekuita, usiitike. Ukiitika umejitoa. Mtu wa kweli atakufuata mpaka umwone uso. Kwao kulikuwa na msichana aliyeitika akiwa shambani peke yake, na mavuno ya mwaka ule hakuyala. Nikamwuliza kama na huku Minnesota wako wanaoita hivyo.

"Kwani huku watu hawafi?" akasema, akanivuta nywele kunyoosha kichwa changu.

Siku ninayoisema shule zilifungwa kwa ajili ya theluji. Mama alikuwa kazini, baba akavuka uwanja kwenda kanisani ambako bomba lilikuwa limepasuka kwa baridi chini ya ukumbi. Nyanya akabandika maharagwe, akaniambia nikae pale jikoni na kitabu changu, akatoka. Nilidhani amepanda juu kujinyoosha kidogo, ilikuwa kawaida yake. Kumbe alikwenda chumba cha kusomea, ambacho hakikuwa na hita, kwa hiyo ndimo alimoweka unga na vitunguu.

Nilikuwa sijamaliza ukurasa.

"Wakesho."

Ilitoka ukutani, nyuma ya kabati la vyombo, sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu anayesemea ndani ya mkebe. Sikugeuka. Ikaja tena, "Wakesho," na hapo nikakimbia, nikapanda juu kumwambia nyanya kwamba ukuta unaniita. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, kanga imekunjwa juu ya mto. Nikatafuta na chooni. Nikarudi jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto, na kwa sababu sikujua kwingine pa kwenda, theluji nje ilikuwa imefika kwenye dirisha.

"Wakesho, mwanangu, njoo."

Nikaziba masikio. Ukiziba masikio unasikia damu yako mwenyewe, lakini na yale mengine unayasikia. Muda ukapita, mrefu, siwezi kusema kiasi gani, kisha ile sauti ikasema, taratibu na kwa uchovu:

"Haya, kama huitiki, basi zima maharagwe. Maji yataisha."

Nikasimama, nikaliendea jiko kwa vidole vya miguu, nikazima maharagwe. Nikarudi kitini. Sikuitika.

"Umezima?"

Sikuitika. Haikusema tena.

Baba aliporudi mchana, soksi zimelowa, aliuliza nyanya yuko wapi, nami nikanyoosha kidole kwenye kabati la vyombo. Alimkuta chini ya ile ngazi, mfupa wa nyonga umevunjika, midomo haina rangi, amejifunika gunia la unga. Alikuwa amelala hapo kama saa mbili, ndivyo walivyokadiria watu wa ambulensi.

Yule mama mzee wa kanisani alikuja na supu siku iliyofuata, akasikia habari, akamwomba baba wasogeze kabati. Nyuma yake palikuwa na mdomo wa shaba uliopakwa rangi ya ukuta. Bomba la kusemea lilitoka hapo likapita ndani ya ukuta hadi chumba cha kusomea, chini karibu na mlango, na yule kasisi alikuwa akilitumia kuagiza chai bila kuinuka, kama alivyofanya baba yake. Kwenye karatasi za yule mama lilikuwepo, ila hakuna aliyewahi kulipata. Alifurahi sana, akalipiga picha.

Siku ya tatu nilipelekwa hospitali. Nilisimama mlangoni mwa wodi, nyanya akaniona.

"Wakesho."

Nikamtazama, mdomo umefungwa.

"Hata ukiniona?"

Baba akacheka mpaka akafuta macho, na muuguzi naye akacheka bila kujua anacheka nini. "Abee, nyanya," nikasema. Akanivuta mkono, akawaambia wote, baba akitafsiri, kwamba mjukuu wake ana adabu, alimkataza jambo na akalishika hata pale ilipokuwa vigumu.

Mpaka alipolazwa kaburini kwao Taita alitembea akishikilia fremu ya chuma aliyopewa hospitali. Kwenye familia yetu kisa hiki ni cha ngazi, kwamba nyanya alisema inamngoja mtu na kweli ilimngoja. Wanakisimulia kwa kicheko, nami huwa nakwenda kuosha vyombo. Maana mimi pale kwenye maharagwe nilijua. Pepo gani atajali maharagwe yakiungua? Nilijua ni nyanya, na sikuitika, kwa sababu kuitika wakati ule kungekuwa kukiri kwamba na zile mara za kwanza alikuwa ni yeye. Mtoto wa miaka minane anaweza kupiga hesabu hiyo, tena haraka. Hakuna daktari aliyesema zile saa mbili ziliharibu nini, na sikuuliza.

Kasisi simlaumu. Alitaka kila asubuhi mguu wake ushuke mahali ulipozoea kushuka akienda kumsalimu baba yake. Nyanya naye alinipa alichopewa na mama yake, hakuwa na kingine cha kunikinga nacho.

Sasa tunaishi mji wa Savage, ghorofa ya chini, sakafu moja tambarare, nililipima hilo kabla hatujahamia. Mume wangu anafanya kazi ghalani huko Shakopee, shifti ndefu, na kutwa niko na binti yetu wa miaka minne. Mimi ni mama mwoga, najijua. Nikimwita nikiwa jikoni asipoitika, naacha chochote nilichoshika nakimbia, namkuta chini ya meza na midoli yake. "What, mama?" Mama yangu ananiuliza kwenye simu kama nimemfundisha lile katazo, nami nabadilisha mazungumzo. Mume wangu ananiambia niache kukimbia, mtoto hakusikia tu.

Anasikia. Mtoto aliyenyamaza huwa anasikia kila neno.