Transfoma ya Mzee Mafuru

Betri zilizochoka tulizianika juu ya bati, upande wa jikoni, jirani na dagaa. Nikikumbuka likizo zangu za Kirumba, kinachonijia kwanza ni harufu ya hapo: dagaa wanaokauka, bati lililopata moto, na ule ukakasi wa betri ya redio inayoanza kuvuja. Kila mpangaji wa ule uwanja wetu alikuwa na safu yake ya betri na alijua zake ni zipi. Baba alinipa zetu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. "Zianike hizo, Shija, jioni nisikilize taarifa ya habari." Jioni alishusha moja, akaibandika shavuni kama mtu anayempima mtoto homa, na ikiwa na moto alitabasamu. "Imeshiba hii." Na kweli redio iliongea tena, walau kwa nusu saa. Hivyo nilikua nikiamini kwamba joto la betri ndiyo nguvu yake. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Nililipata kwa macho, kama nilivyojifunza kunawa kabla ya kula.

Tulikuwa wawili tu ndani, mimi na baba. Mama alikuwa amerudi kwao Ukerewe, kwanza kumuuguza bibi, halafu bibi akapona na mama hakurudi. Sanduku la nguo zake lilibaki kwenye kona ya chumba, karibu na kitanda cha baba. Baba hakulifungua, wala hakulipeleka popote. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara, vile viwanda vilivyoanza kufunguliwa kando ya ziwa miaka ile, na alirudi jioni amechoka, mikono imekunjamana kwa maji na barafu. Hatukugombana. Tulikaa tu. Siku za shule nilikuwa na wenzangu wa darasa la saba, lakini likizo ilipofika, mtaa mzima ulikuwa na watu na mimi nilikuwa peke yangu. Wavulana wa kwetu walikuwa na kundi lao kule kwenye mawe ya ufukweni, na kundi hilo halikuwa na nafasi kwa mtoto aliyeachwa na mama yake. Waliniita Injinia Makopo.

Jina hilo nililipata kwa haki. Ilikuwa miaka ambayo maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa: redio, saa, mashati, midoli ya plastiki iliyotumika Ulaya na ikaja kwa marobota. Katika robota moja nilipata gari la kuchezea lililovunjika, ambalo tumboni mwake mlikuwa na betri sita ndogo zilizofungwa pamoja kwa plastiki ya manjano. Mwenye duka hakujua ni za nini, akanipa. Nilichukua kopo kubwa la mafuta ya kula, nikalikunja likawa na umbo la boti, nikaweka mota iliyotolewa kwenye redio kaseti iliyokufa, na pangaboi la kuisukuma majini nikalikata kwa mkasi. Kilichobaki ni kuzijaza zile betri. Nilizianika juani siku mbili, hazikufanya kitu. Ndipo nikazipeleka kwa Mzee Mafuru.

Mzee Mafuru alikuwa fundi redio, Mjita, mwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na benchi, na mtu akikaa kwenye benchi lake hakumwondoa. Alizigeuza betri zangu, akacheka. "Umezianika? Hizi si za kuanika, mjukuu wangu. Hizi zinalishwa umeme, na zinalishwa polepole." Wiki ile nilimtazama akisuka transfoma ya kupunguza umeme wa ukutani, akizungusha waya mwembamba wa shaba mzunguko baada ya mzunguko huku midomo ikihesabu bila sauti. Mtu akimsalimia, hakuitikia mpaka afike mwisho wa safu. Alipomaliza aliifunga ndani ya kisanduku cha bati, akaweka fyuzi, akanikabidhi. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

"Sikiliza," alisema. "Betri yako inataka volti saba na kitu. Hii inatoa zinazoitosha. Atakayekupa ya kumi na mbili akisema ni bora kwa sababu ni nyingi, mwambie anywe yeye ndoo nzima ya uji tuone kama atashiba au atapasuka. Fyuzi ikikatika, uje hapa. Nisikie umeweka karatasi ya sigara badala yake, nitakuchapa hata kama si mwanangu. Unaiweka chini kwenye sementi, siyo juu ya godoro. Na unakaa nayo. Huku unagusa betri. Ikianza kukuchoma kidole, unachomoa."

"Lakini ikiwa na moto si ndiyo imejaa?" nilimuuliza.

"Ikiwa na moto inaumwa," alijibu.

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Moyoni nilifikiri mzee anajua redio, ila betri zinajulikana na kila mtu.

Hata hivyo nilimtii, na zile wiki tatu zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi katika nyumba ile. Nilikaa sakafuni kutwa nzima karibu na kisanduku kinachonguruma taratibu, nikazigusa betri kila baada ya muda, nazo zilikuwa vuguvugu tu, kama yai lililotoka kutagwa. Ule mngurumo ulinitosha kuwa mwenzangu chumbani. Jua likielekea kushuka niliipeleka boti majini, mahali pasipo na watu, ikaenda na kurudi, nami nikarudi nyumbani kumsubiri baba.

Wale wavulana hatimaye waliiona. Kiongozi wao, Dotto, alisimama juu ya jiwe akapaza sauti, "Injinia! Meli yako inajua kuogelea au inaoga tu?" Wengine wakaangua kicheko. Akanionyesha jiwe lililokuwa mbali majini. "Ikifika pale na kurudi, kesho saa kumi, utakaa na sisi. Ikizama, utaivaa kichwani kama kofia." Nilikubali kabla hajamaliza. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kula chakula cha mchana peke yake mwezi mzima anaweza kuelewa ahadi ile ilikuwa na uzito gani kwangu.

Kesho yake umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa saba. Kwa transfoma ya Mzee Mafuru, betri zingejaa usiku. Nilitoka mbio mpaka kwa kijana mmoja aliyepanga vitu vipya kwenye turubai barabarani, miwani, nyembe, tochi na adapta nyeusi zisizozidi kiganja. Nilimweleza shida yangu na ile transfoma nzito.

"Dogo, hiyo yenu ni ya kusagia mahindi," alisema, na wenzake wakacheka. "Hii imetoka Dubai. Volti kumi na mbili. Nusu saa tu, mambo safi."

"Ina fyuzi?"

"Fyuzi ya nini? Kitu kizima kinataka fyuzi?"

Sikuwa na pesa, nikampa njiwa wawili niliowafuga uani. Nyumbani niliunga nyaya, nikachomeka. Soketi ilikuwa moja tu, juu ya kitanda cha baba, na waya wa adapta ulikuwa mfupi, haukufika sakafuni kama ule wa mzee. Nikaiweka yote juu ya godoro. Transfoma ya Mzee Mafuru niliisukuma chini ya kitanda. Baada ya dakika kumi niligusa betri, zilikuwa zinachoma. Nilifurahi. Nasema kweli, nilizibandika shavuni kama baba, nikasema kwa sauti, "Zinashiba!" Halafu nikafunga mlango, nikaenda ufukweni kuiandaa boti, ili betri nije kuzichukua zikiwa tayari.

Niliposikia kelele nilikuwa nalainisha pangaboi. Nilipofika nyumbani mbio, Mama Rehema, jirani yetu, alikuwa ameshavunja mlango na wanawake wa uani walikuwa wakirusha mchanga na maji. Hakuna aliyeumia. Godoro lilikuwa limeungua, pazia limeungua, na sanduku la mama lilikuwa limeungua na kila kilichokuwa ndani. Katikati ya vyuma vya kitanda niliona bonge jeusi la plastiki, dogo kama ngumi, ndilo lililobaki la adapta na betri. Watu walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja. Nililichukua bonge lile kwa kitambaa, nikaenda chooni, nikalitumbukiza shimoni. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa na akili zangu zote.

Baba alirudi akasimama mlangoni. Hakulitazama godoro. Alilitazama sanduku muda mrefu, kisha akainama akaivuta ile transfoma iliyojaa masizi kutoka chini ya kitanda.

"Ni hii ya Mafuru?"

Nikanyamaza. Akanishika mkono, tukaenda mpaka kibandani, na nusu ya mtaa ikatufuata.

"Mafuru! Ulitaka kuniulia mtoto?"

Mzee Mafuru aliweka chini chuma chake cha kuchomea. "Pole, Baba Shija. Naomba niione kwanza."

"Uione nini? Uje uone chumba changu!" Baba aliibwaga chini, akaokota tofali, akaiponda mpaka waya wa shaba ukamwagika kama utumbo. Mzee aliinama kidogo usawa wa uso wangu, akauliza kwa sauti ya chini, ile ile aliyoitumia kunifundisha:

"Shija, uliiweka kwenye sementi?"

"Ndiyo."

"Ulikaa nayo?"

"Ndiyo."

"Fyuzi hukuigusa?"

"Sikuigusa."

Jibu la mwisho tu ndilo lililokuwa la kweli. Aliniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuokota vipande.

Nyuma yetu mtu alisema ataenda kuchukua redio yake kabla haijamlipukia. Mwingine akasema hata yeye. Kwa siku chache zilizofuata nilipita kwa mbali, nikaona benchi likiwa tupu na rafu zikipungua. Siku moja nilidhamiria. Nilifika karibu kiasi cha kuona mikono yake, ilikuwa imelala mezani haifanyi kitu. Kama kungekuwa na mteja hata mmoja, nadhani ningeingia. Nilimwogopa kwa sababu alikuwa peke yake. Niligeuka. Kabla shule hazijafunguliwa kibanda kilikuwa na muuza mitumba, na Mama Rehema alituambia fundi amehamia Busisi, ng'ambo ya kivuko, kwa ndugu wa mkewe.

Wale wavulana walinipokea, kwa kuwa baada ya moto nilikuwa mtu wa kusimuliwa. Nilikaa nao juu ya mawe wiki moja hivi, nikaacha mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili nilimweleza baba ukweli wakati tunakula. Alimeza tonge lake, akanawa. "Sasa unataka mimi niende nikamwambie nini?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la wawili. Halikuwa hivyo. Baba aliamini alichokiona, na mimi ndiye niliyemwachia akione.

Sasa nywele zangu ni nyeupe na mtaani naamkiwa shikamoo na watu wenye watoto. Mke wangu ametangulia, wanangu wako Dar. Vijana wanaopiga picha za harusi kwa zile kamera zinazoruka huniletea betri na chaja zao niwaambie ipi ni salama. Chaja za leo zinajua kupima na kujizima, kazi iliyokuwa ya kidole changu, lakini za bandia ni nyingi, na nyingine ni nyepesi kama ile iliyokula njiwa wangu. Nawaambia wasome volti, waangalie ampea, waweke sakafuni, wasitoke. Mwezi uliopita binti mmoja, Neema, aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwa Mzee Mafuru, na kwa mara ya kwanza nikamwambia na yaliyobaki. Alisikiliza huku akikunja waya wake.

"Na hukumfuata, mzee?"

"Kivuko kilikuwa na foleni," nilisema, na nikaona aibu maneno yalipokuwa bado mdomoni.

"Sasa si kuna daraja?"

Nilikwenda Ijumaa kwa basi. Lile daraja tulilipita kwa dakika chache, sikupata hata muda wa kupanga maneno. Pale Busisi niliulizia, nikaonyeshwa nyumba. Mzee alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Nilimkuta binti yake, mwanamke wa umri wangu, akichambua maharage kwenye ungo. Nilimsimulia yote, njiwa, godoro, shimo la choo, na zile ndiyo zangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nadhani nilikuwa nayatamani. Hakunitukana. Aliendelea kuchambua.

"Baba alitusimulia habari za huo moto," alisema. "Alikuwa akisema yule mtoto alifuata kila alichoelekezwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyekosea hesabu ya waya. Miaka yote alitafuta mahali alipokosea. Huku alitengeneza redio tu. Transfoma hakusuka tena."