Mpinzani Anayestahili Kuliko Wote

Shirikisho la ngumi liliutangazia umma, kwa kinywa cha katibu wake, kwamba bingwa wa uzito wa juu amekwisha kuwamaliza wote waliowekwa mbele yake, na kwamba safari hii atapambanishwa na mtu mmoja tu: yule anayestahili kuliko wote. Hakutakuwa na upendeleo wala kujuana. Ngumi za mtu ndizo zitakazomsemea.

Tangazo hilo lilisikika redioni ndani ya karakana moja ya sofa, na kazi ikalala papo hapo.

“Apewe Mnara,” alisema dada mshonaji, akiondoa mguu kwenye cherehani. “Mikono mirefu vile, bingwa atamfikia kwa ngazi?”

“Mnara ni urefu tu, ndani mtupu,” alijibu Mjomba, mwenye karakana. “Mlete Kinyozi. Yule akikupitia usoni, mkeo anakuuliza wewe nani.”

“Kinyozi pumzi hana, Mjomba! Raundi ya tatu anatafuta kiti.”

“Viti si vimejaa hapa? Tutampelekea.”

Wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa amepiga magoti nyuma ya sofa, akigongomea kitambaa, misumari midogo imejaa mdomoni kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Walimwita Kopi. Asubuhi alikuwa fundi sofa, jioni bondia, na kila bingwa alipokaribia pambano, Kopi aliitwa kambini kwake kufanya kazi iliyompa jina: kumwigiza mpinzani ajaye, ili bingwa amzoee kabla ya kukutana naye. Amewahi kuwa mtu wa mashoto, amewahi kuwa mtu wa kuinama, amewahi kuwa mtu wa kukumbatia. Kopi alimwigiza Mnara vizuri kiasi kwamba alipokuja kukutana naye ulingoni kwa haki yake, Kopi alimshinda kwa pointi. Kwenye magazeti pambano hilo lilipata nafasi chini ya tangazo la dawa ya panya.

“Mbona huyu hamumtaji?” dada mshonaji aliuliza, akimwelekezea mkasi. “Si alimpiga Mnara?”

Mjomba alimtazama mpwa wake kama anayekagua mbao.

“Kopi? Ah, mama, huyo ni mazoezi.”

Mwenye misumari mdomoni hajibu.

Lakini alikuwa na jibu. Kambi iliyopita, akiwa amechoka kuwa watu wengine, alirusha mkono wa kushoto uliokuwa wake mwenyewe, na bingwa akaketi chini, macho yakiangalia pasipo na kitu. Kocha alifunga mlango, akasema hapa hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo Kopi aliitunza ngumi ile moyoni kama mtu anavyotunza cheti. Ikiwa kweli ngumi ndizo zinazosema, yake ilikwisha sema, tena mbele ya mashahidi. Alimweleza mkewe tu.

“Baba watoto,” mkewe alimwambia, akikunja nguo, “umemwangusha mtu nyumbani kwake, halafu umekaa unangoja akualike tena?”

Alidhani mkewe hajui mchezo.

Alasiri ya siku ile ya tangazo gari la kocha likasimama mlangoni pa karakana. Kopi aliitemea misumari kiganjani, akajifuta vumbi la sponji, akatoka. Ndani cherehani ilinyamaza, na hata redio ikapunguzwa sauti.

“Kaka,” kocha alisema bila kushuka, “jina lako lilifika mezani.”

“Lilifika?”

“Lilifika. Bingwa mwenyewe ndiye aliyelitaja.”

Moyo wa Kopi ulipiga kengele ya raundi ya kwanza.

“Akasemaje?”

“Akasema, mleteni yeyote isipokuwa huyo.”

Kopi alitazama misumari iliyolowa kiganjani. “Kwa hiyo nani? Mnara? Kinyozi?”

“Babu Radi.”

“Babu Radi si alistaafu?”

“Amestaafu kustaafu. Katibu atatangaza kesho: gwiji amerejea, uzoefu wake hauna mfano. Watu watajaa. Sisi tunakutaka wewe Jumatatu, kazi ile ile.”

Kopi angeweza kukataa. Lakini bondia asiye na kambi ni fundi sofa mwenye pua iliyovunjika, naye alilijua hilo kuliko kocha. Akauliza saa ngapi.

Aliporudi ndani, Mjomba alitaka kujua wamemchagua nani.

“Anayestahili,” alisema Kopi, akarudisha misumari mdomoni.

Jumatatu alifika kambini mapema, akaanza kufunga bandeji mikononi. Kocha akamwambia asubiri kwanza, glavu zitakuja baadaye. Asubuhi nzima walimzungusha ulingoni, wakimsahihisha, mpaka akajua, kama Babu Radi, kuchechemea vizuri mguu wa kulia.