Shuka la Meza ya Pasi

Sijui nyie harufu ya kitambaa kibichi kikipigwa pasi ya mkaa mnaisikiaje. Mimi hunibana kifua. Juzi umeme ulikatika, binti yangu akaazima pasi ya mkaa kwa jirani, na mvuke wa kwanza ulipopanda tu nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku. Nasi hatufugi kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa darasa la nne, nikikaa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, kwa Shangazi Fotunata, dada yake baba. Mama alibaki kijijini kwetu Mbingu na shamba la mpunga na wadogo zangu. Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu: magauni ya manesi, mashati ya walimu, majoho ya kwaya. Meza yake ilikuwa ubao mrefu uliotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi shuka jeupe la marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, lililofungwa kwa kamba chini ya ubao. Shuka hilo, jamani, ndilo lililokuwa jela yangu.

Kila Jumamosi wenzangu walipita kwenda kuogelea mto Lumemo, wakinipigia mbinja, nami nafungua kamba. Nakung'uta majivu, naanika blanketi, naloweka shuka kwa sabuni ya mche. Penye kutu nasugua limau na chumvi. Kisha nalitandaza juu ya majani juani, nalinyunyizia maji kila likikauka, na kuwafukuza bata wa jirani ambao hawakuona njia nyingine ya kupita duniani isipokuwa juu ya shuka langu. Wanga ulikuwa marufuku, maana pasi ingenata. Tulilirudisha mezani likiwa na unyevu, likikauka lijikaze lenyewe. Vidole viliniwasha kwa limau, na nililichukia lile shuka kuliko hesabu.

"Likizo utakwenda kwa mama yako, shuka likitakata," Shangazi aliniambia. "Huwezi kuniachia uchafu ukaenda zako."

Mara mbili shule ilifungwa, na mara zote mbili, wiki ile ile, shuka likapata alama ya kuungua, kubwa, ya kahawia. Mara zote mbili nikabaki, nikisugua huku nalia.

Likizo ya tatu ilipokaribia nikasema liwalo na liwe. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Siku shule ilipofungwa Shangazi alikagua shuka pembe hadi pembe.

"Haya, limetakata. Kesho utapanda gari la Mlimba, likushushe kwenu."

Weee! Nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikachukua ndoo kwenda bombani nikicheza njia nzima. Sijafika mbali nikakumbuka nimesahau kata ya kichwani. Nikarudi kwa uani, na nilipopita dirishani nikamwona.

Mezani hapakuwa na nguo hata moja. Shangazi alipuliza majivu ya pasi, akaiweka katikati ya shuka, akakunja mikono, akasubiri. Moshi ukaanza kupanda. Hakuiondoa. Alikuwa analia bila sauti, kamasi zinamtoka, hata hafuti.

Nilirudi kinyumenyume. Maji niliyabeba bila kata, ndoo ikanichoma utosini.

"Restuta mwanangu, njoo uone balaa," aliniita nilipofika. "Pasi imeniponyoka."

Nilitaka kumwambia nimekuona. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nami nilikuwa mtoto wa miaka kumi.

"Pole, Shangazi," nikasema, nikaanza kufungua kamba.

Mwaka uliofuata Mama alikuja mwenyewe, na mchele kichwani. Nilimpa shikamoo, akanishika mabega.

"Kila mkifunga shule nasimama barabarani mpaka gari la mwisho lipite. Siku hizi hutaki kuja kwetu?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia mimi tu. Uso wake ulikuwa unaniomba. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Nilijiona mtu mzima kweli, nimemsitiri mkubwa wangu aibu.

"Sawa, mwanangu," Mama akasema. "Mjini pazuri."

Akaondoka na gari la jioni. Baadaye wadogo zangu waliniambia kwamba tangu siku hiyo hakusimama tena barabarani.

Mpaka nilipozaa mtoto wangu mwenyewe ndipo nikaelewa kichwa kile nilichokiinamisha kilimjibu nini Mama. Shangazi nilimsamehe zamani; aliogopa kubaki peke yake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Lakini Mama alikwenda kaburini hajui, na sijui nimwambie nani sasa. Nilitaka kuja, Mama. Kila likizo nilitaka kuja.